Sura Juu ya Jiwe: Litografia na Swali la Nani Aonekane

Tarehe 24 Januari 1865 moto uliteketeza sehemu ya jengo la Smithsonian mjini Washington. Humo zilitundikwa picha za rangi za mafuta za wakuu na wajumbe wa mataifa asilia ya Marekani. Nyingi zilikuwa kazi ya Charles Bird King, aliyewachora walipofika mji mkuu kuzungumza na serikali. Karibu zote ziliungua. Hata hivyo sura ya Sequoyah, Mcherokee aliyebuni mfumo wa kuandika lugha ya watu wake, tunayo hadi leo: kilemba kichwani, kiko mdomoni, na mkononi kibao chenye alama alizozibuni. Tunayo kwa sababu kati ya 1836 na 1844 Thomas McKenney na James Hall walikuwa wamekwisha kutoa vitabu vitatu vyenye picha 120 zilizochorwa upya juu ya mawe, zikachapwa, kisha zikatiwa rangi kwa mkono. Moto ulipofika, nakala zilikuwa zimeshatawanyika katika nyumba na maktaba nyingi.

Mbao na mabamba ya shaba yaliyochongwa yangeweza pia kuziokoa sura hizo, maana uchapaji wa picha ulikuwapo karne nyingi kabla ya hapo. Litografia, yaani uchapaji huo wa kutoka juu ya jiwe, ilileta jambo jingine. Iliunganisha vitu viwili ambavyo picha ya sura haikuwahi kuwa navyo pamoja kwa urahisi kiasi hicho: alama ya mkono wa mchoraji kama ulivyopita, na nakala kwa mamia na maelfu. Ninaamini kwamba mema yote ya litografia ya sura yanatoka katika muungano huo, na maswali yake magumu yanatoka humohumo: nani achorwe, nani atajwe kwa jina, na mkono tunaouona juu ya karatasi ni wa nani.

Jiwe, mafuta na maji

Alois Senefelder, aliyezaliwa Prague mwaka 1771 na kukulia Munich, alikuwa mwandishi wa tamthilia asiye na fedha za kuwalipa wachapaji, kwa hiyo akatafuta njia nafuu ya kujichapia mwenyewe. Mwaka 1796 aliandika orodha ya nguo za dobi juu ya jiwe kwa wino wa nta, sabuni na masizi, kisha akajaribu kuliacha jiwe liliwe na asidi ili maandishi yabaki yameinuka. Miaka miwili baadaye aligundua kwamba hapakuwa na haja ya kuinua wala kuchimba chochote. Mafuta na maji hukataana, na kukataana huko kunatosha kuchapa.

Kazi inakwenda hivi. Jiwe la chokaa husagwa kwa mchanga na maji mpaka uso wake uwe sawa, wenye chembe ndogo za kuishika chaki. Mchoraji huchora kwa chaki ya mafuta iliyotengenezwa kwa nta, shahamu, sabuni na masizi. Mchoro ukikamilika, jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi ya nitriki kidogo. Gundi hiyo, ambayo Sudan imekuwa mzalishaji wake mkuu kwa muda mrefu, huzifanya sehemu tupu za jiwe zishike maji, na mafuta ya chaki hujikita mahali pake. Kisha inafuata hatua inayowatia hofu wanaojifunza: mchoro unafutwa kwa tapentaini hadi karibu usionekane. Lakini mafuta yamo. Jiwe likiloweshwa kwa sponji na rola ya wino ikipitishwa juu yake, maji hukataa wino, mafuta huupokea, na sura inarudi kidogo kidogo. Karatasi hulazwa juu, jiwe hupitishwa chini ya ubao uliovikwa ngozi na kukandamizwa kwa nguvu, na nakala ya kwanza inabanduliwa.

Mawe bora yalichimbwa Solnhofen, Bavaria. Chembe za chokaa yake ni laini mno. Mwaka 1861 machimbo hayo yalitoa mabaki ya kiumbe wa kale mwenye manyoya, Archaeopteryx, na wanasayansi wakaongeza neno lithographica katika jina lake kwa heshima ya jiwe lililomhifadhi. Jiwe linaloweza kutunza alama ya unyoya kwa miaka milioni 150 linaweza kutunza pia tofauti kati ya kidole kilichokandamiza chaki na kidole kilichoigusisha tu. Hilo ndilo jambo ambalo mchoraji wa sura analihitaji kuliko jingine lolote, kwa sababu shavu la mtu halina mistari. Lina vivuli vinavyopanda na kushuka polepole, na chaki juu ya jiwe lenye chembe huweza kuvifuata vyote, kutoka kijivu hafifu cha paji la uso hadi weusi mzito wa mboni ya jicho.

Kuna sharti moja linalowabana wachoraji wa sura kuliko wengine. Kinachochorwa juu ya jiwe hutoka kimegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Anayemchora mwingine hana budi kufikiri kinyume, au achore kwanza juu ya karatasi maalumu ambayo mchoro wake huhamishiwa kwenye jiwe. Lakini anayejichora moja kwa moja juu ya jiwe akijitazama kwenye kioo hupata zawadi asiyoitarajia: kioo kimegeuza, jiwe linageuza tena, na nakala inamwonyesha kama wengine wanavyomwona. Mtu hukutana na uso wake ambao kioo hakijawahi kumpa.

Mkalimani aliyeondolewa

Kabla ya Senefelder, picha ya sura iliyotaka kusambaa ilipitia kwa mchongaji wa shaba. Huyo alikuwa fundi aliyesomea kazi yake kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilikuwa kuibadili picha ya mwenzake kuwa mistari, vidoto na mikato. Wapo waliofanya hivyo kwa ustadi wa ajabu. Wapo pia wachoraji kama Rembrandt waliochora wenyewe juu ya bamba kwa sindano na asidi, mkono wao ukaonekana wazi. Ila sindano hutoa mstari, haitoi kivuli cha chaki, na shaba huchakaa upesi nakala zinapozidi. Kwa hiyo umma ulizijua sura za watu mashuhuri kwa kupitia mkalimani.

Litografia ilimwondoa mkalimani huyo. Yeyote aliyejua kuchora kwenye karatasi aliweza kuchora kwenye jiwe, na mzee wa miaka 79 alilithibitisha hilo. Mwaka 1825 Francisco Goya, akiwa kiziwi na mwenye macho yaliyofifia, aliishi mbali na Hispania yake, katika mji wa Bordeaux nchini Ufaransa. Huko alichora mfululizo wake mashuhuri wa mapambano ya mafahali, ukachapwa nakala 100 katika karakana ya Cyprien Gaulon. Masimulizi ya zama zake yanasema alilisimamisha jiwe kama turubai, akalifunika lote kwa kijivu cha chaki, kisha akautafuta mwanga kwa kukwangua kwa wembe. Katika kipindi hichohicho alimchora Gaulon mwenyewe. Sura hiyo imeibuka kutoka gizani, laini na yenye uzito. Ni heshima ya mchoraji kwa mchapaji, mtu ambaye kwa kawaida jina lake husahaulika.

Biashara ilifuata. Mjini Vienna, Josef Kriehuber peke yake alichora sura karibu 3,000 juu ya mawe kabla ya kufariki mwaka 1876: majenerali, waigizaji, wanasayansi, na kizazi kizima cha wanamuziki. Mjini Paris, Achille Devéria aliwachora Victor Hugo, Alexandre Dumas na Franz Liszt wakiwa bado vijana. Ndipo ilipozaliwa hali tunayoiona leo kuwa ya kawaida kabisa, kwamba mtu asiyewahi kukutana na mwanamuziki anaweza kuitundika sura yake sebuleni. Umaarufu wa kisasa ulihitaji picha nyingi, za bei ya chini na zenye uhai, na jiwe lilikuwa nazo.

Nje ya Ulaya, sifa hiyohiyo ya kuuhifadhi mkono iliifanya litografia ipendwe mno katika nchi za Kiislamu. Herufi za Kiarabu huungana, hupanda na kushuka, na herufi za risasi zilishindwa kuupata mwandiko mzuri. Jiwe liliupokea mwandiko wa khatati kama ulivyo, na vitabu vilivyochapwa Bombay kwa njia hiyo vilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Nchini Iran sanaa hizo mbili, mwandiko na sura, zilikutana ukurasa mmoja. Gazeti la Sharaf, lililoanza Tehran mwanzoni mwa miaka ya 1880, lilichapisha sura za wakuu na wasomi zilizochorwa na Abu Torab Ghaffari pamoja na maelezo ya maisha yao kwa mwandiko wa mkono. Picha na wasifu vilisomwa kama kazi ya kalamu moja.

Sura iliyoitia serikali hofu

Ufaransa ya mfalme Louis-Philippe iligundua upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 1830 Charles Philipon alianzisha jarida la La Caricature, na miaka miwili baadaye gazeti la Le Charivari. Yeye ndiye aliyeonyesha mahakamani, kwa michoro minne iliyofuatana, jinsi kichwa cha mfalme kinavyogeuka hatua kwa hatua kuwa tunda la peasi. Kijana aliyemwajiri, Honoré Daumier, alimchora mfalme kama jitu linalomeza kodi za maskini, na mwaka 1832 akafungwa jela miezi sita.

Daumier alipotoka hakunyamaza. Kwa ajili ya Philipon alifinyanga vichwa vidogo vya udongo vya wabunge na mawaziri, na kutoka katika vichwa hivyo alizichora sura zao juu ya jiwe. Mwaka 1834 aliwakusanya katika mchoro mmoja unaoitwa Le Ventre législatif, safu kwa safu za viongozi walionenepa wakisinzia kwenye viti vya Bunge. Kila mmoja anatambulika, na hakuna aliyebadilishwa kuwa mnyama au tunda. Wamechorwa kwa makini tu, mashavu yao, vidole vyao, usingizi wao. Nguvu ya kazi hiyo iko katika ukweli wa chaki: mtazamaji anaona kwamba mchoraji aliwatazama watu hawa kwa muda mrefu, na kwamba alichokiona kimemchukiza.

Jibu la serikali linatufundisha mengi. Sheria za Septemba 1835 ziliweka udhibiti wa awali juu ya michoro, huku maandishi ya magazeti yakiachwa bila udhibiti wa namna hiyo. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mchoro si maoni tu bali ni kitendo, kwa kuwa unasema na macho ya kila mtu moja kwa moja. Waliotunga sheria hiyo waliielewa litografia vizuri kuliko wakosoaji wengi wa sanaa. Waliona kwamba sura iliyochorwa kwa ustadi na kusambazwa kwa bei nafuu inawapa watu wa kawaida uwezo ambao hawakuwa nao kamwe: kumtazama mkubwa machoni bila ya kuinamisha kichwa.

Wenye majina na wasio na majina

Teknolojia hiyohiyo iliyowapa Wafaransa uwezo wa kuwatazama wakubwa wao iliwapa pia uwezo wa kuwatazama watu wa mbali bila ya watu hao kuwa na kauli. Hapa pwani yetu inaingia katika historia hii. Kati ya 1846 na 1848 Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa meli ya Ducouëdic, akitembelea Zanzibar, Mombasa na miji ya Benadir. Msafara wake ulikuwa na kamera ya daguerreotype, miaka michache tu baada ya kifaa hicho kutangazwa mwaka 1839. Picha ya namna hiyo ilikuwa ya pekee, bamba moja la shaba lililopakwa fedha, lisilo na nakala, na haikuweza kuingizwa kitabuni. Kwa hiyo picha hizo, pamoja na michoro ya safarini, zilichorwa upya juu ya mawe mjini Paris na kutolewa na kitabu chake katika miaka ya 1850.

Hizi ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za watu wa pwani yetu zilizotokana na kamera, na uzuri wake haukataliki. Vilemba, kanzu, ususi wa nywele na mkao wa mabega vimefuatwa kwa uangalifu. Lakini nyingi ya sura hizo zimeandikiwa kabila au mahali, hazikuandikiwa jina. Mwanamke aliyesimama mbele ya kamera Zanzibar alikuwa na jina, wazazi na mtaa. Mikono miwili ilimgusa kabla hajafika kwenye karatasi, wa mpiga picha na wa mchoraji wa jiwe ambaye hakumwona kamwe, na njiani humo jina lake likadondoka. Akabaki kuwa mfano wa watu wa aina fulani. Picha ya sura ikinyang'anywa jina huanza kufanya kazi ya kielelezo cha bidhaa.

Tuirudie mifano ya Marekani kwa jicho hilo. Vitabu vya McKenney na Hall vilitaja majina na kusimulia maisha ya waliochorwa, na hiyo ni sifa isiyopaswa kusahauliwa. Lakini McKenney aliondolewa kazini mwaka 1830, mwaka uleule ambao Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha watu hao kutoka katika ardhi yao. Sura zilihifadhiwa kwa heshima huku wenye sura wakifukuzwa majumbani. Kuchora vizuri hakutoshi kuwa haki.

Mfano wa kinyume ulitokea miaka mitano baada ya moto wa Smithsonian. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi aliingia katika Baraza la Seneti la Marekani, Mmarekani mweusi wa kwanza kuketi humo. Kampuni ya Louis Prang ya Boston ilichapa sura yake kwa litografia ya rangi, jiwe moja kwa kila rangi, kutokana na mchoro wa Theodore Kaufmann. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kuwa msemaji mkuu wa watu weusi wa nchi hiyo, alimwandikia Prang barua ya kumshukuru. Alieleza kwamba watu weusi wamezoea kujiona wamechorwa kama nyani, na kwamba ni jambo kubwa kupata picha inayowatoa katika desturi hiyo. Douglass alielewa kwamba nakala moja ya sura yenye heshima haishindi maelfu ya michoro ya dhihaka iliyokuwa ikichapwa kwa mawe yaleyale. Wingi lazima ujibiwe kwa wingi, na nyumba za watu weusi ziwe na picha ya kutundika ambayo mtoto akiitazama hatainamisha macho.

Kamera haikuliua jiwe

Mwaka 1854 Disdéri wa Paris alipata hataza ya vipicha vidogo vya kamera vya kugawa kama kadi, na biashara ya sura za mawe ikaanza kupungua. Haikufa mara moja, kwa sababu picha ya kamera haikuweza bado kuchapwa kwa wino pamoja na maandishi. Kwa miaka mingi wachapaji waliishi kwa kunakili picha za kamera juu ya mawe. Kampuni ya Currier na Ives ya New York ilimchora Abraham Lincoln hivyo katika uchaguzi wa 1860. Alipofuga ndevu baada ya ushindi, baadhi ya wachapaji walizipachika juu ya sura zao za zamani kwa kubuni tu zilivyo. Huo ulikuwa ushahidi kwamba litografia kama mnakili wa kamera haikuwa na la kutegemea: haikuwa na usahihi wa lenzi wala ushuhuda wa mtu aliyeketi na mwenzake.

Kilichoiokoa ni kurudi kwenye kile ambacho kamera haina. Henri de Toulouse-Lautrec, katika miaka kumi hivi ya mwisho wa karne, alichora zaidi ya litografia 300, na nyingi ni sura za wasanii wa usiku wa Paris. Alimfanya mwimbaji Aristide Bruant kuwa kofia nyeusi, skafu nyekundu na bega moja kubwa. Mwenye ukumbi alipoikataa picha hiyo, Bruant alisema hapandi jukwaani isipobandikwa. Yvette Guilbert hakufurahishwa na jinsi alivyochorwa, lakini mwaka 1894 alitia sahihi yake kwenye albamu ya sura zake 16 iliyotolewa kwa nakala 100. Alikubali sura yenye ukweli aliouona mwingine. Makubaliano ya namna hiyo, kati ya anayechorwa na anayechora, ndiyo yanayokosekana kwenye sura za msafara wa Guillain.

Edvard Munch alikwenda mbali zaidi. Katika litografia ya mwaka 1895 alijichora kichwa tu kikielea katika weusi mtupu, na chini ya ukurasa akalaza mfupa wa mkono, jina na mwaka vikiwa juu kama maandishi ya kaburi. Weusi ule hauwezi kupatikana kwa kalamu juu ya karatasi; ni wino wa jiwe, mzito na ulioshikana. Mwaka uliofuata alimchora mwandishi August Strindberg, akamzungushia fremu yenye mwanamke uchi na kulikosea jina lake, na Strindberg akakasirika. Mkono unaoachwa huru husema pia yale ambayo aliyeketi hakuyaomba.

Kwangu mimi kilele cha sanaa hii ni Käthe Kollwitz wa Ujerumani. Alijichora tangu ujana hadi uzee, na sura zake za mawe ni ushuhuda wa maisha yote. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji mwezi Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimlazimisha kujiuzulu katika Chuo cha Sanaa cha Prussia. Katika miaka ya 1930 alitoa mfululizo wa litografia nane juu ya kifo, na katika mojawapo mwanamke mzee mwenye sura yake mwenyewe anaguswa begani na mkono unaotoka nje ya ukurasa. Hashtuki, wala hakimbii. Chaki imepita upande wake mpana, bila ya kuchongoka popote, na uchovu unaonekana katika jinsi ilivyoburutwa. Hapa namna ya kuchora na jambo linalochorwa vimekuwa kitu kimoja. Tena, mabomu yalipoibomoa nyumba yake Berlin mwaka 1943 na kazi zake nyingi kupotea, nakala zilikuwa zimekwisha kwenda kwa watu. Alichagua michoro ya kuchapwa kwa sababu alitaka imfikie mtu wa kawaida, na uchaguzi huo ndio uliozilinda kazi zake.

Mkono ni wa nani

Ikiwa thamani ya litografia ni alama ya mkono, basi swali la mkono wa nani lazima liwe na jibu. Mwaka 1897 lilifika mahakamani London. Mchoraji Walter Sickert aliandika kwamba Joseph Pennell, aliyechora juu ya karatasi ya kuhamishia, hakustahili kuziita kazi zake litografia. Pennell alishitaki. James McNeill Whistler, aliyetumia karatasi hiyohiyo kwa sura zake nyingi, alifika kutoa ushahidi upande wake. Pennell alishinda, akalipwa fidia ya pauni 50. Ninaona mahakama ilitoa hukumu sahihi. Mwaka mmoja kabla ya kesi hiyo Whistler alimchora mkewe Beatrice akiwa kitandani, mgonjwa wa kansa, hotelini London. Jiwe zito lisingeweza kuingia chumba kile. Karatasi iliingia, na mguso wa chaki, laini kama pumzi ya mgonjwa, ukafika kwenye jiwe bila ya kupotea.

Lakini nyuma ya mkono wa mchoraji kuna wa mchapaji. Whistler alimtegemea Thomas Way, Munch alimtegemea Auguste Clot, na Pablo Picasso aliingia karakana ya Fernand Mourlot mjini Paris mwaka 1945 na kufanya humo mamia ya litografia, zikiwamo sura nyingi za mwenzi wake Françoise Gilot. Picasso alikwangua, akaongeza na kufuta juu ya jiwe moja kwa namna ambazo mafundi waliziona haziwezekani, na mafundi haohao wakazichapa. Ni haki kusema kwamba litografia ni sanaa ya watu wawili, hata pale ambapo sahihi ni moja.

Msomaji anayetaka kujua kama picha mbele yake ni litografia ya mkono achukue kioo cha kukuzia. Chaki juu ya jiwe huonyesha chembe zisizo na mpangilio, nzito hapa na hafifu pale. Uchapaji wa kisasa wa picha za kamera huonyesha vidoto vilivyojipanga kwa safu. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho ya kawaida, lakini ndiyo inayotenganisha sura iliyotazamwa na mtu na sura iliyonakiliwa na mtambo.

Jiwe lililogeuka bati

Mwaka 1904 Ira Rubel, mchapaji wa Marekani, aligundua kwamba wino ukipita kwanza juu ya mpira, kisha kwenye karatasi, picha hutoka safi zaidi. Ndipo ilipoanza ofseti, na jiwe likabadilishwa kwa bamba jembamba la alumini. Kanuni haikubadilika: mafuta, maji, kukataana. Magazeti na vitabu vya shule vya Afrika Mashariki huchapwa kwa njia hiyo, vivyo hivyo mabango ya wagombea na picha za marais zinazotundikwa ofisini na madukani Tanzania na Kenya. Kwa maana hiyo tumekuwa tukiishi na kizazi cha Senefelder ukutani bila ya kukitambua. Tulichorithi ni wingi. Mkono tuliuacha.

Wako waliourudisha. Mwaka 1960 June Wayne alianzisha karakana ya Tamarind mjini Los Angeles, wakati ufundi huu ulipokaribia kufa Marekani, na wahitimu wake wakaueneza kwingi. Mark Attwood aliupeleka Afrika Kusini. Robert Blackburn, mtoto wa wazazi kutoka Jamaika aliyejifunza litografia Harlem, alifungua karakana yake New York mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuwapokea wasanii wa asili zote. Charles White alichora juu ya jiwe sura za watu weusi katika mfululizo wake wa mabango ya wanaotafutwa, akitumia muundo wa matangazo ya kuwasaka watumwa waliotoroka. Bango lililokuwa la kumwinda mtu akaligeuza kuwa la kumtukuza. Humo muungano wa mkono na wingi umefikia lengo lake.

Kwetu, kikwazo kinachotajwa kila mara ni vifaa: mawe ya Bavaria, mitambo mizito, asidi. Kikwazo hicho kimepungua. Mabamba ya alumini huchorwa kwa chaki ileile. Mfaransa Émilie Aizier ameeneza njia inayotumia karatasi ya alumini ya jikoni, sabuni, na soda yenye asidi ya fosfori badala ya asidi ya nitriki. Nakala zake ni chache, lakini kanuni nzima inajifunzika mezani. Wachoraji wenye mikono mizuri tunao, na watu wenye sura zinazostahili kutazamwa kwa muda mrefu hawakosekani katika mtaa wowote.

Kinachohitaji kujifunzwa zaidi ni yale ambayo historia hii imeyalipia gharama: kwamba wingi bila jina ni unyang'anyi, kwamba ustadi bila ridhaa ya anayechorwa una kasoro, na kwamba picha inayofika kwa watu wengi hudumu kuliko ya pekee iliyofungiwa. Mwalimu wa sanaa anayetaka kuanza, iwe Bagamoyo, Kisumu au Kampala, aanze na mtu anayemfahamu. Amwombe ruhusa, amketishe, amtazame kwa makini, aandike jina lake kamili chini ya mchoro. Kisha achape nakala za kutosha, na ya kwanza ampe mwenye sura.